Wageni Washakula?

Miaka minne tangu mumewe afariki, Bharti alikuwa bado anaamka saa kumi na moja alfajiri. Zamani saa hiyo ndiyo waliyokuwa wakiletewa magazeti, walipokuwa na duka lao chini ya nyumba, hapo Tooting. Yeye na Rasik waliliendesha duka lile miaka thelathini na mmoja, wakiuza magazeti, maziwa, mkate, betri na dawa ya mafua. Sasa chini alikaa kijana anayetengeneza simu, na Bharti alikaa juu, kwenye kiti cha karibu na dirisha, chai imepoa, mikono ameiweka mapajani. Hapakuwa na mtu anayemngoja. Naye hakuwa na la kungoja ila Jumamosi.

Jumamosi mwanawe Suresh angekuja na gari kumchukua. Suresh aliishi na mkewe nje ya London, mwendo wa saa mbili, katika nyumba yenye bustani. "Mama, umefanya kazi ya kutosha," alimwambia kwenye simu, kwa Kiingereza kama kawaida yake. "Huku utapumzika. Hutagusa hata kijiko." Bharti alisema sawa, na masanduku manne alikwisha kuyafunga. Alijiambia kwamba mtu wa miaka sabini na mmoja asiyehitajiwa na mtu, atachagua pa kukaa kwa ajili gani? Pa kukaa ni popote. Lakini lile neno la kutogusa hata kijiko lilimkaa rohoni.

Jumapili alikwenda duka la mboga kutafuta kitu cha kupika siku zile chache zilizobaki. Akashika mbaazi, akazibonyeza, akajisemea kwa sauti, kama wasemavyo watu wanaoishi peke yao: "Hizi nazo mbaazi hizi, au kokoto?"

Nyuma yake mtu akacheka. Alikuwa msichana mrefu mwenye sare ya buluu chini ya koti, na macho ya mtu aliyetoka kazini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe umenisikia?"

"Nimekusikia. Mama, wewe ni mtu wa wapi?"

"Mie Mzanzibari," Bharti akasema, na neno lenyewe likamshangaza, maana ilikuwa muda mrefu hajaulizwa. "Nimezaliwa Mkunazini."

Yule msichana akaweka kikapu chake chini kabisa. Alisema anaitwa Winifrida, mtu wa Bukoba, na anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, vituo viwili kutoka pale kwa basi. "Mama, nikuombe kitu? Unaweza ukakataa, sitakasirika."

"Sema."

"Kuna bibi kule kwetu, Mzanzibari. Bi Zuwena binti Himid. Akili imemrudi nyuma, mama. Kiingereza chote kimemtoka, kimebaki Kiswahili. Na hali."

"Hali nini?"

"Hali chochote. Wiki ya pili hii. Anakunywa maji, chai vijiko viwili, basi. Ukimpelekea sahani anaisukuma, anauliza, 'Wageni washakula?' Mimi namwambia bibi hakuna wageni, kula, ananiita mtoto mjinga. Nina watu kumi na mmoja wa kulisha mimi, siwezi kukaa naye. Ijumaa anakuja daktari. Akikuta bado hali, anapelekwa hospitali kuwekewa mpira wa puani." Winifrida akashusha sauti. "Nimewaona wanaowekewa. Wanaung'oa. Basi wanavishwa glovu kubwa za mviringo wasiweze kushika kitu. Wanakaa hivyo hivyo."

"Hana watoto?"

"Anaye mmoja, Nizar, yuko Maskati. Anapiga simu. Mama yake anadhani ni redio."

Bharti akazitazama mbaazi. "Na mie nikafanye nini huko?"

"Ukazungumze naye tu. Mnakaribiana umri. Mimi kwake mtoto, hanisikilizi."

Bharti alitaka kusema kwamba Jumamosi anahama. Badala yake akauliza, "Basi namba ngapi hilo?"

Jumatatu saa tano akawa amefika. Mkubwa wa nyumba ile alikuwa Jaswinder, mama wa Kisingasinga ambaye wazazi wake walitoka Kisumu. Kiswahili chake kilikuwa maneno matatu, jambo, pole pole na haraka, na alimpokea Bharti kwa yote matatu kwa mpigo. Kisha akarudi kwenye Kiingereza, akamshukuru, akamwonyesha chumba.

Bi Zuwena alikuwa mdogo kuliko Bharti alivyomdhania. Alikaa kwenye kiti chenye mikono, kanga ameifunga juu ya gauni la kulalia, vidole vinafanya kazi peke yake juu ya mto, vinachagua kitu na kukitupa, vinachagua na kutupa. Bharti akavitazama kidogo, akaelewa. Vilikuwa vinachagua mchele.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

Yule bibi akamtazama kuanzia nywele mpaka viatu. "Marahaba. Weye Baniani wa duka gani?"

Bharti akacheka, na kicheko kile kilitoka mbali. Nusu karne hajaitwa hivyo. "La vitambaa, Mkunazini. Duka la Mzee Kanti."

"Mzee Kanti! Mwizi wa wari yule. Anapima wari moja ya kitambaa huku kidole keshakiingiza ndani."

"Baba yangu yule, bibi."

"Basi baba yako mwizi wa wari," akasema Bi Zuwena bila kusita, akampigia mkono kitandani. "Kaa. Ukisimama ndio utamrejesha baba yako?"

Walizungumza saa nzima. Bi Zuwena alichanganya watu na miaka, wafu akawaulizia kama walio chumba cha pili, lakini alijua nani alimwoa nani na nani alivaa nini siku ile. Winifrida alipita mlangoni mara mbili na kila mara akainua kidole gumba. Hata saa sita na nusu ikaletwa sahani, viazi vya kupondwa, samaki, na njegere.

Bi Zuwena akaisukuma kwa mgongo wa mkono. Uso ukambadilika. "Wageni washakula?"

Sasa, nyumbani kwao Bharti mkubwa ndiye anayekula kwanza. Bibi yake na baba yake walikula kwanza, watoto wakafuata, na mama mwishoni kabisa. Kumwekea mzee chakula mbele ya watu wote ndiyo heshima yake. Kwa hiyo akajibu kwa adabu aliyofundishwa: "Bado, bibi. Kula wewe kwanza. Wao watakula baadaye."

"Bado?"

"Bado. Wanakungoja wewe."

Bi Zuwena akaushika ukingo wa kanga, akaifunika sahani. "Watu wametoka msikitini na njaa zao, hawajatiliwa kitu, wanambia mie nile? Una akili weye?" Macho aliyakaza mlangoni, na kila Bharti alipomgusa bega, bega lilikuwa kama ubao.

Jumanne Bharti alirudi, na Jaswinder akamzuia pale pale ukumbini. Alimweka kwenye kiti kwanza ndipo akamweleza. Jioni ya jana Bi Zuwena alijaribu kushuka kitandani mwenyewe, akaanguka kati ya kitanda na kabati. Mfupa haukuvunjika, ila mkono umevilia damu kuanzia kiwiko, na usiku kucha alikuwa anataka kuondoka.

"Sikulaumu, anti," alisema Jaswinder. "Lakini amefadhaika. Mpaka daktari aje Ijumaa, naomba usije. Tafadhali."

Bharti alisema ndiyo, ndiyo, anaelewa. Alishuka basi kituo kimoja kabla ya chake kwa kutoona vizuri. Nyumbani alikaa kwenye kiti cha dirishani bila kuvua koti. Alikuwa amekwenda kusaidia, akaenda akamwangusha bibi wa watu. Suresh alipopiga simu kumkumbusha Jumamosi, alijibu kwa upole uliomfanya mwanawe aulize kama anaumwa. Akasema haumwi. Alikuwa amekubaliana naye kwa moyo wote sasa. Pengine kweli mahali pake palikuwa bustanini, pasipo na kitu cha kuharibu.

Jumatano alasiri kengele ikalia. Alikuwa Winifrida, ametoka shifti, mvua imemlowesha mabega.

"Mama, nisamehe kukuvamia."

"Ingia, mwanangu. Vua koti."

Winifrida akayaona masanduku. "Unahama?"

"Jumamosi. Kwa mwanangu."

"Ah," akasema Winifrida, akatafuta kwa macho pa kukaa. Bharti akamwekea chai, na msichana akaishika kwa mikono miwili bila kuinywa. "Bado hali. Leo hata maji kakataa asubuhi. Lakini kuna kitu, mama. Mimi ndiye niliyemwinua pale chini. Alikuwa analia. Si kwa maumivu. Alikuwa anasema, 'Watu hawajala na mie nimelala.' Nikakaa nalo hilo neno. Leo mapumziko nikampigia Nizar, nikamwuliza, mama yako alikuwa anafanya kazi gani? Akasema mpishi."

"Mpishi wa wapi?"

"Wa shughuli. Harusi, khitma, maulidi. Kwanza Unguja, halafu hapa hapa London. Anasema watu wa Walthamstow na wa Edgware Road walikuwa wanagombea tarehe zake. Nikamwuliza, sasa katika shughuli yeye alikuwa anakula saa ngapi? Nizar akacheka. Akasema hajui. Anasema maisha yake yote hajawahi kumwona mama yake anakula kwenye shughuli."

Bharti aliweka kikombe chini.

Yeye alikuwa anajua. Alikuwa amewaona. Nyumba yao ya Mkunazini ilikuwa na dirisha la juu lililotazama uani kwa jirani, na kila jirani alipokuwa na shughuli Bharti alipanda kule akachungulia kupitia papi za dirisha. Sufuria zilikuwa kubwa kiasi mtoto angeweza kuingia. Wapishi walikuwa wanawake watano sita, macho mekundu kwa moshi, hawakai, hawanywi, wanapakua tu, sinia moja linatoka, jingine linarudi. Mpaka sinia la mwisho lirudi tupu. Hapo ndipo mkubwa wao aliposema wageni washakula, na wote walifungua vilemba, wakanawa, wakakaa chini kuzunguka sinia moja na kilichobaki, mchuzi wa chini ya sufuria na ukoko waliougombania huku wanacheka. Bharti msichana alikuwa na nyumba yenye vyombo vya shaba na mpishi wake, lakini hakuwahi kuona watu wanakula kwa raha kama wale waliokula mwisho.

"Mie nilimwambia bado," akasema polepole. "Mungu wangu. Nilimwambia mpishi kwamba wageni wake hawajala."

"Hukujua, mama."

"Nilijua, Winifrida. Nilijua, nikajibu ya kwetu."

Msichana akaanza kutabasamu. "Basi tumwambie washakula! Namwambia kesho asubuhi, nampelekea sahani—"

"Hatokula sahani. Mpishi hali peke yake kwenye sahani kama mgonjwa. Anakula na wapishi wenzake." Bharti akaitazama mikono yake. "Kwenye sinia moja."

Winifrida hakuelewa kwa nini uso wa mama yule ulikuwa umezama vile. Alikunywa chai yake, akaaga, akaahidi kumwomba Jaswinder.

Alipoondoka, Bharti alibaki na jambo lake. Alikuwa hali nyama wala yai, hilo lilikuwa jepesi, angepika mbaazi. Lakini kwao mkono uliokwisha kugusa kinywa haurudi kwenye chakula cha mwenzio. Suresh mwenyewe alilelewa kwa sahani yake. London watu wengi wa kwao walikwisha kuyaacha hayo, na Rasik alikuwa akiyacheka, ila Bharti aliyashika, si kwa kiburi, kwa mazoea tu, kama mtu alivyozoea kulala upande mmoja.

Akakumbuka ile wiki ya Januari baada ya Mapinduzi. Alikuwa msichana wa miaka ishirini. Siku ya tatu wamejifungia ndani, unga umekwisha, baba hasemi na mtu. Jirani yao, Bi Mgeni, aliinua sahani juu ya ukuta wa ua, wali na kunde, akaita, "Mama Bharti, mmekula?" Mama yake akaipokea kwa mikono miwili. "Tumekula, ahsante, tumeshiba." Kisha akangoja jirani aingie ndani, akapanda darini na ile sahani, akawamwagia kunguru. Mama hakuwa mtu mbaya. Ndivyo alivyolelewa, na siku zile za hofu alikishika kile alichokijua. Sahani akaiosha, akairudisha na sukari juu yake. Miezi sita baadaye wakahamia Dar es Salaam, halafu huku, na Bharti hakupata kujua kama Bi Mgeni aliwaona wale kunguru.

Alhamisi alipika. Aliloweka mbaazi kavu, akazichemsha mpaka zikalainika, akazitia nazi, bizari na pilipili nzima isiyopasuliwa. Wali akaupika kwa tui jepesi, ukawa laini karibu na kurojeka. Akafunga hotipoti mbili kwenye taulo, akachukua sinia la chuma aliloletewa na Rasik safari moja kutoka India, lililokuwa halijatumika ila kwa maua ya sala, akapanda basi.

Jaswinder alimsikiliza akiwa amesimama, mikono kifuani. Winifrida alikuwa nyuma yake, anamtazama Bharti kana kwamba anamsukuma kwa macho.

"Nusu saa," alisema Jaswinder mwishowe. "Nami nitakaa mlangoni. Akipaliwa au akianza kuhangaika, tunaacha. Kesho ni Ijumaa, anti. Sitaki aende hospitali na mkono mwingine umevimba."

Bi Zuwena alikuwa amepungua kwa siku tatu tu zile. Mashavu yameingia. Kwenye mkono lile vilio la damu lilikuwa limekuwa jeusi. Vidole vilikuwa bado vinachagua mchele.

Bharti hakumwamkia. Aliingia kama mtu anayetoka chumba cha pili, mikono ya sweta ameikunja, akajifuta paji la uso kwa ncha ya sari. "Bi Zuwena, washakula."

Vidole vikasimama. "Nani?"

"Wageni. Washakula wote, washanawa, masinia yamerudi."

"Wote?"

"Wote."

"Na wa barazani? Wale wa barazani husahauliwa."

"Hata wa barazani. Nimewapelekea mie mwenyewe."

"Wali ulitosha?"

"Umetosha na umebaki."

"Umebaki?" akasema Bi Zuwena kwa ukali. "Ulibaki mwingi?"

"Kidogo tu. Wetu."

Yule bibi akavuta pumzi ndefu, ndefu mno kwa kifua kidogo kile, na mabega yakashuka. "Alhamdulillahi," akasema. Akajaribu kuifungua kanga aliyojifunga kichwani, ikamshinda, Bharti akamfungulia. "Nimechoka, bibi wee. Miguu haina kazi. Nipe maji ninawe."

Winifrida alikwisha kuleta jagi na beseni, hata Bharti hakuona saa ngapi. Akammiminia, na Bi Zuwena akanawa mikono yote miwili mpaka kwenye vifundo, taratibu, kama mtu aliyetoka shambani. Bharti akanawa pia. Kisha akaweka sinia kwenye kimeza kati yao, akapakua wali katikati, mbaazi juu yake, na mvuke wa nazi ukajaa chumba kile kilichozoea kunuka dawa ya kusafishia sakafu.

Bi Zuwena akautazama wali. Hakugusa.

"Karibu, bibi," akasema Bharti.

"Weye ushakula?"

"Bado. Nilikuwa nakungoja."

"Basi mbona hutii mkono?"

Bharti akatazama sinia. Pale mlangoni Jaswinder alikuwa ameacha kuandika. Yeye pia asili yake Bara Hindi, na mwiko ule aliujua. Alielewa anachokiona.

"Au waniona mchafu?" Bi Zuwena akauliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu aliyewahi kuuliza mwahala mwingi na kujua jibu.

"La," akasema Bharti. "La, bibi. Nilikuwa nausubiri upoe."

Akatia mkono. Akafinyanga tonge upande wake, akala. Wali ulikuwa wa moto kweli, ukamchoma vidole. Na Bi Zuwena akatia mkono wake wenye vilio jeusi, akakusanya wali kwa vidole vitatu bila kumwaga hata punje, akaupeleka kinywani. Akatafuna. Winifrida alikuwa ameshika jagi kifuani kama mtoto mchanga. Bi Zuwena akatafuna, akameza, akarudisha mkono kwenye sinia, na safari hii akasogeza mbaazi kwa vidole vyake mpaka upande wa Bharti, kama afanyavyo mwenye upendo kwa anayekula naye.

Bharti akazitazama zile mbaazi zilizosukumiwa kwake. Akazila.

Hakikumpata kitu kibaya. Kilichompata ni kwamba machozi yalimtoka, akayafuta kwa bega kwa kuwa mkono ulikuwa na wali.

Bi Zuwena alikula matonge saba. Winifrida aliyahesabu. Baada ya la saba yule bibi akaegemea nyuma, akalamba kidole. "Chumvi imepungua. Nani kapika?"

"Mie."

"Ndiyo maana," akasema Bi Zuwena. "Watu wa duka." Na kabla hawajamaliza kucheka alikuwa amelala palepale kitini.

Ijumaa Bharti alirudi na sinia lake, na daktari alipokuja akaambiwa Bi Zuwena amekula jana na leo pia amekula. Akampima, akasoma karatasi, akasema wangoje wiki mbili waone. Jaswinder alimfuata Bharti mpaka kituo cha basi kumpa habari ile, bila koti, akitetemeka kwa baridi. "Kesho utakuja, anti?" aliuliza, kisha akakumbuka. "Winifrida amenambia kesho unahama."

 Basi lilikuwa limefika, Bharti akapanda.

Jumamosi Suresh alikuta nyumba imefungwa, na karatasi mlangoni yenye anwani ya ile nyumba ya wazee. Alipofika kule akaelekezwa chumbani. Akasimama kizingitini, mtu mnene mwenye koti zuri, funguo za gari mkononi, akamwona mama yake amekaa ana kwa ana na bibi mwenye kanga, mikono yao ndani ya sinia moja.

"Nani huyo kasimama mlangoni kama askari?" Bi Zuwena akauliza.

"Mwanangu, bibi."

"Mgeni au wa jikoni?"

"Mgeni."

"Kashakula?"

"Kashakula."

"Haya, akae asitusumbue." Akamwangalia tena Suresh. "Kakonda, maskini. Hamumlishi?"

Winifrida alitoka mbio nje akacheke. Suresh alikaa kwenye ncha ya kitanda na kungoja mpaka sinia likawa tupu, mpaka Bi Zuwena akanawishwa, mpaka mama yake alipomfunika miguu.

Ndani ya gari walikaa kwanza bila kuiwasha. "Mama," alisema Suresh kwa sauti ya chini, "hii ni kazi ya watu wengine. Wewe umechoka."

"Nilikuwa nimechoka," akasema Bharti. "Sasa nimechoka kwa kazi. Si kitu kimoja, baba."

"Yule mama hatapona."

"Najua."

"Mwezi huu, mwezi ujao, atakufa. Halafu? Utakaa pale juu peke yako unalia."

"Nitalia. Lakini atakuwa amekufa ameshiba, Suresh, na wageni wake wameshiba." Akatazama mikono yake. Kwenye kucha palikuwa na umanjano wa bizari usiotoka kwa sabuni. "Na Winifrida ananambia ghorofa ya pili kuna mzee, Mkongo, hasemi na mtu. Sijui wao wanakula vipi. Itabidi niulize."

Suresh aliweka mikono kwenye usukani. Hakuwa amekubali; alikuwa na mke wa kumweleza na chumba kilichopakwa rangi mpya kwa ajili ya mama yake. Bharti alimwonea huruma, akampapasa shavu, akamwambia atakuja kwao Diwali akae wiki nzima. Wiki moja, asimwongezee.

"Na kesho?" akauliza Suresh. "Hata kesho, Jumapili?"

"Watu hawali Jumapili?"

Akaliwasha gari. Walipofika karibu na soko Bharti akamgusa mkono, akamwambia asimame kidogo pale kwenye duka la kona, maana nazi zilikuwa zimemwishia.